Kamera ya Pili

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Ni neno zuri kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri na kwa fedha iliyohifadhiwa mahali salama. Kwa kamera, neno hilo lina kasoro. Kamera inayowekwa kabatini kwa jina la akiba huoza. Betri yake hulala mpaka ikashindwa kuamka, lenzi yake huota ukungu, saa yake ya ndani hupotea, na mwenyewe husahau kitufe kipi kinafanya nini. Siku ya dharura inapofika, mpiga picha hugundua kwamba kilichomo kabatini ni kumbukumbu tu ya kamera aliyowahi kuwa nayo.

Makala haya yanahusu uchaguzi wa kamera ya pili kwa mtu anayepiga picha za michezo, na hasa mtu anayefanyia kazi hiyo katika mji kama huu wetu wa Babati. Nina ugomvi na rai moja iliyozoeleka. Mtu akipata fedha ya kununua bodi mpya, husema, "Hii ya zamani sasa itakuwa ya akiba." Husemwa kwa utulivu mkubwa, kama vile suala limekwisha. Hakuna anayeuliza kama hiyo ya zamani inaweza kufanya kazi ya ile mpya, wala kama lenzi, kadi na betri zitaingiliana. Bodi ya kwanza huchaguliwa kwa miezi, kwa kuuliza na kulinganisha. Ya pili huachwa ijichague yenyewe. Naona kwamba huku ni kufikiri kwa uvivu, na uvivu huo una gharama yake.

Tuanze na sababu inayofanya michezo iwe tofauti na kazi nyingine za picha. Harusi ina subira. Bibi harusi akiombwa ashike kisu cha keki mara ya pili, atashika huku akicheka. Mgeni rasmi akiombwa arudie kukata utepe, naye atarudia. Goli halirudiwi. Mlinda mlango hawezi kuombwa aruke tena kwa sababu kamera ilikwama, na msichana wa shule aliyevuka mstari wa mita 800 hatarudishwa avuke upya. Kisha anayelipa, awe klabu, shule au gazeti, hanunui maelezo. Hununua picha. Ukimwambia kwamba kadi iligoma dakika ya 20, atakupa pole, na safari ijayo atamwita mwingine.

Hapa Babati jambo hili lilionekana wazi katika msimu wa 2024/25, wakati timu ya Fountain Gate ilipoutumia uwanja wa Tanzanite Kwaraa kama uwanja wake wa nyumbani katika Ligi Kuu. Simba walikuja, Yanga nao walikuja, na mji mzima ukahamia uwanjani. Kazi ya picha ambayo zamani ilikuwa ya Dar es Salaam ikafika mlangoni petu. Lakini mpiga picha wa mji mkubwa akiharibikiwa, ana mwenzake wa kumwazima na duka au fundi wa kumkimbilia. Kutoka hapa hadi Arusha ni karibu kilomita 170. Lami ipo, lakini mechi ni ya dakika 90. Kwa hiyo yule aliye mbali na fundi ndiye anayehitaji zaidi kamera ya pili, na aghalabu ndiye asiyekuwa nayo.

Mfano mkubwa wa thamani ya jambo hili tunao nyumbani. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu, nchi ambayo tangu mwaka 2002, Manyara ilipomegwa kutoka Arusha, imo katika mkoa wetu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari, aliyeanguka njiani na kuumia goti, aliingia wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ilipita saa nzima na dakika 5. Medali zilikwisha tolewa, giza lilikwisha ingia, na watazamaji wengi walikwisha kwenda zao. Hata hivyo, picha ambayo dunia imeihifadhi kutoka marathoni ile ni ya mtu wa Mbulu mwenye bandeji mguuni, akichechemea kuelekea mwisho wa safari yake.

Kwa nini picha hiyo ipo? Ipo kwa sababu zaidi ya saa moja baada ya kazi kuonekana imekwisha, palikuwa na watu ambao kamera zao bado zilifanya kazi na filamu ilikuwa bado ndani. Wengine wote, hata kama walikuwa na vifaa bora kuliko hivyo, hawana la kutuonesha. Kutokana na mfano huo napata kipimo changu. Tusipime vifaa vya mpiga picha wa michezo kwa jinsi vilivyong'aa wakati wa kuanza. Tuvipime kwa kuuliza kama bado vinafanya kazi mtu wa mwisho anapoingia. Kamera ya pili ni bima ya saa hiyo.

Hata hivyo bima si kazi yake yote. Mfano wa pili unatoka kwenye mwanzo wa mbio. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ikawa rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili na Ben Jipcho wa Kenya wa tatu. Jambo lililowashangaza watu halikuwa muda peke yake. Bayi alichukua uongozi tangu mwanzo na hakuuachia, wakati desturi ilikuwa kujificha kati ya wenzake na kuchomoka mwishoni. Mpiga picha aliyesubiri mstari wa mwisho tu, na lenzi ndefu peke yake, aliweza kupata kifua cha mshindi. Lakini ile nafasi iliyofunguka mapema nyuma ya Bayi, na kundi zima likimtazama mgongo, ndiyo hadithi yenyewe, na hiyo inataka jicho pana. Lenzi mbili zinatakiwa ziwe tayari kwa wakati mmoja, maana hakuna nafasi ya kubadilisha lenzi katikati ya mzunguko. Na katika kiangazi chetu, vumbi likiwa limetanda, kufungua kamera uwanjani ni kulikaribisha vumbi hilo ndani.

Hivyo basi naliona neno "akiba" lenyewe kuwa sehemu ya tatizo. Linatufanya tufikirie kitu cha kukaa. Kamera ya pili inayofaa hukaa begani, ina lenzi fupi wakati ya kwanza ina lenzi ndefu, na inapiga picha katika kila mechi. Siku ya kwanza ikizimika, hiyo ya pili haihitaji kuamshwa, maana ilikuwa macho muda wote.

Sasa nizitazame rai tatu zinazosikika sana kuhusu kuichagua.

Rai ya kwanza ni hiyo niliyokwisha itaja, kwamba ya zamani inatosha. Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua Canon EOS-1D X, kamera ya mwaka 2012 inayopiga picha 12 kwa sekunde, akabaki na EOS 60D yake ya mwaka 2010. Ile kubwa inatumia kadi za CF, ndogo inatumia SD. Ile kubwa ina betri yake nene na chaja yake, ndogo ina betri nyingine na chaja nyingine. Kubwa inapiga picha 12, ndogo inapiga 5 na ushei. Vitufe havikukaa mahali pamoja. Mtu huyu ana kamera mbili kwa hesabu, lakini katika mkoba wake ana kazi mbili tofauti, na moja haiwezi kuisaidia nyingine. Betri ya moja ikiisha, ya mwenzake haimfai. Kadi zikijaa, hali ni ile ile. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia mechi, ana chaja mbili za kuzitafutia soketi kwa jirani mwenye jenereta.

Rai ya pili inatoka kwa wauzaji na kwa wale wanaosoma namba zilizoandikwa kwenye boksi. Wao husema, chukua bodi ndogo mpya ya wanaoanza, ina megapikseli nyingi kuliko hiyo kubwa yako ya zamani. Ni kweli, na haina maana. Canon EOS 1300D ya mwaka 2016 ina megapikseli 18, sawa na 1D X, lakini hupiga picha 3 kwa sekunde. Mpira wa kichwa mbele ya lango hauchukui hata nusu sekunde. Kwa picha 3 kwa sekunde utapata mchezaji kabla hajaruka na mchezaji akiwa ameshatua. Tena kamera hizo zimejengwa kwa ajili ya mtu wa matembezini, vitu vingi vimefichwa ndani ya menyu, na jasho au mvua ya ghafla haikufikiriwa sana. Megapikseli ni ukubwa wa karatasi. Hazimwambii mtu kama kalamu itaandika.

Rai ya tatu ni ya waliobobea, nayo inastahili heshima zaidi. Wao husema, nunua mbili zilizo sawa kabisa, kama mapacha. Mkono hautatofautisha moja na nyingine, na kila kitu kitaingiliana. Nakubali kwamba kwa mkono hakuna kilicho bora kuliko hicho. Lakini rai hii ina upungufu wa aina mbili. Kwanza ni fedha, na nitalirudia hilo. Pili, inamfanya mtu aamini kwamba kufanana peke yake kunatosha. Mtu anaweza kuwa na bodi mbili pacha, akawa na chaja moja, begi moja la kadi na lenzi moja. Kinachoweza kuharibika kikiwa kimoja, basi ana kamera moja iliyovaa nguo mbili.

Katika jambo hilo la kufanana na kutofautiana, watu wa riadha wametangulia kufikiri. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mwana wa mkoa jirani wa Singida, aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Alikimbia kilomita 42 na ushei, na tofauti kati yake na Amanal Petros wa Ujerumani ikawa sehemu 3 za sekunde iliyogawanywa mara 100. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Macho ya watu yasingeweza kuamua. Iliyoamua ni kamera ya mstari wa mwisho.

Kanuni za riadha za kimataifa kuhusu kamera hizo zinashauri kwamba, inapowezekana, ziwe angalau mbili, moja kila upande. Kisha zinaongeza neno ambalo kila mpiga picha angelibandika ukutani. Zinasema mitambo hiyo ni vyema isitegemeane, yaani kila mmoja uwe na umeme wake, na mlio wa bastola ya kuanzisha mbio uufikie kwa vifaa na nyaya zake yenyewe. Waliotunga kanuni hiyo walielewa kwamba mitambo miwili inayokunywa umeme kutoka waya mmoja huzimika pamoja.

Kwa hiyo kigezo ninachokipendekeza kina sehemu mbili. Kamera ya pili ifanane na ya kwanza katika kila kinachogusa mkono wako, na isitegemeane nayo katika kila kinachoweza kuharibika. Vitufe viwe pale pale, betri na kadi ziwe za aina ile ile ili ziweze kuazimana. Lakini siku ya mechi kila bodi iingie uwanjani na betri yake iliyojaa, kadi yake, lenzi yake na mkanda wake. Ziweze kusaidiana bila ya kulazimika kusaidiana.

Nitumie kigezo hicho kupima jozi kadhaa ambazo leo hupatikana zikiwa zimetumika. Jozi ya Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012 na EOS 7D Mark II ya mwaka 2014 inafaulu vizuri mno. Betri ni za jamii moja, zote hupokea kadi ya CF na ya SD, na vitufe vimekaribiana kiasi kwamba kidole gumba hakipotei. Ya kwanza ina sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga mahali pa filamu, nayo hupiga picha 6 kwa sekunde. Ya pili ina sensa ndogo na hupiga picha 10. Udogo huo wa sensa hukata picha pembeni, kwa hiyo lenzi ya milimita 200 huonesha kama ya milimita 320. Kwa mtu asiyeweza kununua lenzi ya milimita 300, hiyo ni zawadi. Kasoro yake ni giza. Mechi za saa 10 alasiri zikichelewa, au wingu likiushukia mji kutoka Mlima Kwaraa, 7D Mark II huanza kuweka chengachenga mapema kuliko mwenzake. Hapo mtu huhamishia lenzi ndefu kwenye bodi yenye sensa kubwa, na kazi inaendelea.

Kwa upande wa Nikon, D850 ya mwaka 2017 na D500 ya mwaka 2016 ni ndugu wa tumbo moja. Betri ni za aina moja, kadi ni XQD na SD kwa zote mbili, na mpangilio wa vitufe unakaribiana sana. D500 hupiga picha 10 kwa sekunde, na alama zake 153 za kulengea zimeenea karibu upana wote wa picha, jambo linalomfaa sana anayemfuata winga pembeni. Ningekuwa na neno dhidi ya jozi hii lingekuwa kuhusu kadi za XQD, ambazo si kitu cha kukipata katika kila duka la simu. SD utaipata hata stendi.

Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani zinahitaji uangalifu zaidi. Canon EOS R6 Mark II na EOS R7, zote za mwaka 2022, zina betri ya aina moja na nafasi mbili za kadi za SD. Katika karatasi ni jozi kamili. Mkononi, gurudumu la nyuma la R7 limepandishwa juu, likazungushiwa kile kijiti cha kuchagulia mahali pa kulenga, wakati kwenye R6 Mark II lipo chini mahali tulipolizoea. Kidole gumba kilichofundishwa na moja kitakosea kwenye nyingine. Halafu R7 inasifiwa kwa picha 30 kwa sekunde, lakini hizo ni za shata ya elektroniki, ambayo huisoma sensa polepole kutoka juu hadi chini. Mpira ulio kasini huweza kutoka umepinda kama yai. Kwa michezo ni afadhali picha zake 15 za shata ya kawaida, nazo zinatosha.

Mtego mkubwa zaidi upo katika adapta. Wengi wetu tuna lenzi za zamani za EF, na bodi hizi mpya huzipokea kwa kupitia adapta. Mtu akiwa na bodi mbili mpya na adapta moja, basi ana kamera moja. Na anayebaki na bodi ya zamani kama ya pili akumbuke kwamba njia hiyo ni ya upande mmoja. Lenzi ya EF huingia kwenye bodi mpya, lakini lenzi mpya ya RF haiingii kabisa kwenye bodi ya zamani. Akihamia lenzi za RF, ile ya zamani kabatini haina tena kazi kwake, hata ikiwa nzima kama siku ya kwanza. Ndiyo maana nasema mtu hanunui bodi ya pili peke yake. Hununua uhusiano kati ya bodi mbili.

Kwa kitu kilichotumika, kuna hesabu moja zaidi. Watengenezaji hutaja idadi ya picha ambazo shata imejaribiwa kuzihimili, nayo ni 150,000 kwa 5D Mark III, 200,000 kwa 7D Mark II na kwa D500, na 400,000 kwa 1D X. Tuseme mtu hupiga picha 1,200 katika mechi moja, na ana mechi 60 kwa mwaka. Hizo ni picha 72,000. Akinunua 7D Mark II iliyokwisha piga 120,000, amebakiwa na mwaka mmoja na kidogo kabla ya kuifikia ile namba. Namba hiyo si tarehe ya kifo, maana nyingine huishi zaidi na nyingine hufa mapema. Lakini muuzaji asiyetaka kuitaja amekwisha kukwambia kitu.

Najua kijana mmoja akisoma mpaka hapa atauliza, "Mzee, shikamoo. Mimi hata hiyo ya kwanza naidaiwa. Unaniambia ninunue mbili?" Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo la maana kuliko yote niliyoyaandika, na jibu langu lina hatua. Kama huna lenzi moja nzuri, ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi wa 2.8, basi fedha ya kwanza iende huko, maana bodi mbili zenye lenzi hafifu ni hasara mara mbili. Ukishakuwa nayo, bodi ya pili itangulie kabla ya lenzi ndefu ya kifahari. Na ukiwa unajiandaa kununua bodi moja ghali, jiulize kama fedha hiyo hiyo haiwezi kukupa mbili za wastani za jamii moja. Watu hawatakuonea kijicho uwanjani. Lakini mkiwa mmesimama pembeni ya goli, mmoja na kamera ya kifahari iliyozimika na wewe na ya wastani inayofanya kazi, mhariri atakupigia simu wewe.

Kisha kuna njia ambayo vitabu vya wenzetu huko ng'ambo havina haja ya kuitaja, lakini hapa petu ina uzito. Kabla ya kuchagua kampuni, tazama wenzako wa mjini wanatumia nini. Wapiga picha wawili wa Babati, kila mmoja na bodi moja na nusu ya mahitaji yake, wakiwa wa kampuni moja, wanaweza kuwa kamera ya pili ya kila mmoja. Betri zinaazimana, lenzi zinaazimana, na siku ambayo mmoja hana kazi, bodi yake inaweza kwenda na mwenzake. Wakiwa wa kampuni tofauti, wanachoweza kuazimana ni mwavuli. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pengine kampuni isiyo bora sana katika majedwali ndiyo iliyo bora kwako, kwa sababu tu jirani yako anaitumia. Majedwali ya kulinganisha kamera hayana safu ya jirani.

Yote haya hayatamfaa mtu asiyeitumia kamera yake ya pili. Kabla ya kila mechi, saa za bodi zote mbili zilinganishwe, vinginevyo jioni picha za goli zitakuja mbele ya picha za kona iliyolizaa. Bodi ya pili ipige angalau picha mia katika kila kazi, ili mkono usiisahau na kasoro zake zijulikane mapema. Na betri yake isiibiwe kuisaidia ya kwanza ila pale tu ilipo lazima. Anayeibomoa akiba yake dakika ya 30 kwa uvivu wa kufuata betri nyingine kwenye begi, amejirudisha kwenye kamera moja kwa hiari yake.

Mwisho nitazame mbali kidogo kuliko Ligi Kuu. Timu kubwa huja na kuondoka, na zina wapiga picha wake. Lakini kila mwaka watoto wetu hukimbia katika UMITASHUMTA na vijana wetu katika UMISSETA, wengine peku, kwenye njia zilizochorwa kwa chokaa. Nchi hii ya Mbulu, Hanang' na Babati imetoa wakimbiaji kwa miaka mingi, na itatoa wengine. Akhwari tunamjua kwa picha zilizopigwa ugenini. Picha za utoto za bingwa ajaye wa Manyara, kama zitakuwepo, zitapigwa na mmoja wetu hapa hapa, jioni, baada ya mashindano kuchelewa, gari la mgeni rasmi limekwisha ondoka na betri ya kwanza imekwisha kufa.